Kwa Shangazi, Kuhusu Majibu ya Bibi

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 31.
22 Julai

Mpendwa Shangazi,

Krrr! Huo ni mlio wa miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni, na tangu nifike huku ng'ambo masomoni hauniishi masikioni. Nitakueleza, lakini kwanza shikamoo. Mgongo umepoa, au bado unabeba ndoo mbili kwa mpigo huku ukiwakataza wagonjwa wako wasibebe hata moja? Na Bibi anaendeleaje? Bado anaamini ni presha tu? Swali hilo nimekaa nalo wiki nne, usikasirike.

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini nalala vizuri.

Asubuhi tunakaa darasani kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyowatibu watu wake: nani analipa, nani anangoja, nani anaachwa njiani. Mchana tunapelekwa hospitalini kutazama. Mimi nimepangiwa wodi ya wanawake, vitanda kumi na viwili.

Shangazi, wodi hii ungeipenda. Mtu akipewa miadi ya saa nne na dakika ishirini, anaonwa saa nne na dakika ishirini. Faili linaning'inia kitandani, na mgonjwa akitaka analisoma mwenyewe. Wauguzi wakibadilishana zamu, hawakabidhiani ofisini. Wanakabidhiana palepale kitandani, mgonjwa akisikia. Juzi muuguzi aliripoti kwamba mama mmoja amelala vizuri. "Nani kalala?" mama akauliza. "Mimi au wewe?" Ikabidi iandikwe upya.

Muuguzi mkuu tunamwita Mama Kiti, kisirisiri, ingawa nadhani anajua. Kwake hakuna kumweleza mgonjwa jambo ukiwa umesimama. Uwe profesa, uwe mwanafunzi, unavuta kiti, unakaa, macho yako yanakuwa sawa na yake, ndipo unafungua mdomo. Nimemsikia akimwambia daktari bingwa mwenye haraka zake, "Daktari, miguu haichoki? Kiti kile pale." Na bingwa akakiburuta.

Si kila kitu nakionea wivu. Saa ya kula, wengi wanakula wakitazama ukuta. Kwetu mgonjwa hapati hata pa kunyoosha mguu kwa ndugu waliojaa kitandani pake. Hilo nimeliandika kwenye daftari, upande wa kwetu, nikalipigia mstari.

Sasa kosa langu. Kitanda cha dirishani alilala fundi cherehani mstaafu, ulimi wake mkali kama mkasi. Majibu ya figo zake yalitoka Jumatatu, si mazuri, nami niliyasikia mchana kwenye kikao cha madaktari. Koridoni nikakutana na binti yake, akauliza kama yametoka. Shangazi, sikufikiri hata kidogo. Nilimvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini, nikaongeza, "Mama asijue kwanza." Nilijiona muungwana. Ndivyo nilivyolelewa.

Binti akaingia wodini macho mekundu. Mama yake akamtazama. "Nani kafa?" Akanitazama mimi, nimesimama nyuma ya binti kama mwizi wa kuku. "Ala! Kumbe ni mimi!" Wodi nzima ikageuka. Kisha akasema taratibu, bila mzaha, "Mwili wangu, majibu yangu, halafu mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni?"

Mama Kiti hakunigombeza mbele ya watu. Alinipeleka ofisini kwake, akavuta viti viwili. "Ulikuwa unamlinda nani?" Nilitaka kusema mgonjwa. Nikajua si kweli.

Fundi alinisamehe siku ya tatu, baada ya kuninunia mbili. Na tangu aelezwe yote, anapanga mambo yake kama anayekata kitambaa: dawa hii ndiyo, mashine ile ya kusafisha damu bado, na huyu binti aache kulia. Sijawahi kumheshimu mgonjwa kiasi hicho.

Usiku na mchana nimekuwa nikiliona jiko letu, mwezi wa nne: wewe umeshika karatasi ya figo za Bibi, baba amefunga mlango, mimi naitikia kwa kichwa kwamba aambiwe ni presha tu. Najua ulifanya kwa mapenzi. Umeuguza mtaa mzima, lakini huyu ni mama yako.

Msalimie baba, na mumeo, na mapacha, uwaambie madaftari yao nimeyanunua. Salamu naziweka hapa kwa sababu ukisoma aya inayofuata huenda usitake kuzifikisha.

Jana mchana nilimpigia Bibi simu. Nikamwambia kwamba ni figo, na kwamba sote tulijua. Akauliza amebakiza miaka mingapi. Nikasema sijui, wa kuulizwa ni daktari. Akalia kidogo, akanitukana kidogo. Halafu: "Mwambie shangazi yako namtaka hapa Jumamosi, na karatasi zote. Asije na matunda kama mgeni." Tulipomaliza, niliipigia kliniki nikamwombea miadi. Ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Waliponiuliza majibu yatakayofuata wampigie nani, niliwapa namba ya Bibi mwenyewe, na yako nikawaomba waifute. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu leo hii, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Mungu akupe kifua kipana hiyo Jumamosi, naye Bibi ampe siku nyingi.

Wako akupendaye, hata ukininunia,
Mtoto wa kaka yako