Gari Lenye Kitanda

Pangani

Baba shikamoo,

Naandika nikiwa ndani ya gari lenye kitanda na jiko, na dereva ni mimi! Jana niliegesha mchangani, hatua chache tu kutoka majini, kama tunavyofanya ziwani Musoma. Kumbe bahari huondoka asubuhi na kurudi mchana! Ilipogusa magurudumu niliondoa gari mbio, kama nafukuzwa na tembo wa hapo Robanda. Watalii ninaowaendesha walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya safari.

Mama usimwambie. Na wewe pia umenificha: mdogo wangu Ezra anasema ulianguka kutoka dunguni ukilinda mtama.

Mwenye gari amekubali nije nalo kabla ya mavuno. Wewe utalala kitandani, mimi nitapiga debe kuwafukuza tembo shambani.

Binti yako,
Wegesa