Pale Pana Somo

Jumatatu, 2 Machi

Nimefagia duka la mama pale mtaa wa Mukendo, mjini. Nimepanga vitenge. Nimeuza kimoja. Digrii ya historia inanisaidia kujua kitenge kipi kimekaa dukani tangu lini.

Baba Mkubwa amepiga simu kutoka Bunda, anakouza vigae. Ameamua makaburi ya ukoo kule kijijini, upande wa Butiama, yajengewe yote na kuzungushiwa ukuta. Fundi anaanza Jumamosi. Mchungaji atakuja kuomba. Mimi nithibitishe nani amelala wapi, maana misalaba ya miti imeliwa na mchwa. Halafu niandike historia ya Mzee Wambura, babu yake, aliyefyeka pori lile akaanzisha kijiji.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nina njaa ya kuwa na maana. Aibu, lakini ndivyo.

Jumanne, 3 Machi

Kijijini. Bibi amenipokea kwa uji na malalamiko.

Yeye ndiye pekee aliyebaki wa rika lake. Mzee Wambura alikuwa baba mkwe wake, na kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Bibi amezidisha. Kwa kuwa Wambura ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, hata mvua yenyewe haitaji. Anasema "maji ya juu". Redio ikitabiri mvua, anaizima.

Makaburi ni machache, majani tele. Babu, mume wa Bibi, yuko katikati. Kushoto kwake mama yake. Kulia kwake tuta kubwa kuliko yote: Mzee Wambura mwenyewe. Siku niliyohitimu nilitandaza joho langu juu ya tuta hilo nikalia sana. Picha ipo.

Nimechora ramani. Bibi akaikodolea macho, akauliza yeye atalala wapi. Nikatafuta. Ndani ya ukuta imebaki kona moja tu ya nyuma, inayopakana na choo cha jirani.

"Mimi nalala na mume wangu. Upande ule wa kulia."

"Bibi, pale yupo Mzee."

"Pale pana somo tu."

Akaenda kufukuza kuku.

Pale pana somo tu. Nimeandika kurasa mbili juu ya maneno hayo. Kwamba waliotangulia si miili tena bali ni mafunzo. Kwamba kaburi ni darasa. Bibi yangu ni mwanafalsafa na hakuna aliyewahi kumsikiliza.

Alhamisi, 5 Machi

Kikao. Baba amekuja kutoka Nyasho. Baba Mkubwa amekuja na jiwe la marumaru lililochongwa tayari: MZEE WAMBURA, MWANZILISHI. Limebebwa na watu wanne.

Bibi alilitazama. "Mtoeni yule pale, mnipishe."

"Mama! Tumtoe babu yetu?"

"Yule si mtu!"

Baba akavua kofia. Mama mkwe wa jirani, aliyekuja kuomba chumvi, akaketi.

"Na alinipigaga teke," Bibi akaendelea. "Nikiwa na mimba yako wewe unayenitolea macho."

Baba Mkubwa ametaka aende kaburini akaombe radhi kwa kumtukana mwanzilishi. Bibi akasema aombwe yeye. Uamuzi: Mzee anabaki, Bibi apewe kona ya choo. Jumamosi zege likishamwagwa, habari imeisha.

Nina hasira. Nimefuta "mwanzilishi mwenye hekima" kwenye rasimu yangu. Nimeandika "mkatili". Najutia joho.

Ijumaa, 6 Machi

Bibi hasemi na mtu. Hajagusa ugali, ingawa mboga ni dagaa anaowapenda.

Jioni nimemkuta makaburini, amejinyoosha chali kwenye kile kipande chembamba kati ya Babu na tuta. Anapima.

"Miguu inaingia," kasema. "Tatizo bega."

Nilicheka. Kisha sikuweza kuendelea kucheka. Anajua kwamba mimi ndiye niliyechora ile ramani.

Nimemwomba Baba Mkubwa asogeze ukuta. Amesema vigae vimeshapimwa.

Jumamosi, 7 Machi

Lazima niandike polepole.

Fundi alikuwa anachimba msingi kuzunguka tuta. Mchungaji alikuwa anaomba, amefika kwenye kumshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake Wambura. Fundi akasimamisha jembe.

"Samahani, wazee. Huyu mzee wenu alikuwaga na pembe?"

Mchungaji akafumbua jicho moja.

Baba Mkubwa akaeleza kwamba zamani wakuu walizikwa na pembe, kwa heshima. Sauti imara kabisa. Akanigeukia mimi, msomi, nithibitishe. Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe, fundi alipovuta ya pili. Katikati ya pembe hizo mbili palikuwa na fuvu refu la ng'ombe.

Bibi alicheka mpaka akashika mti.

Kisha akasimulia, jina akilikwepa. Alikuwa dume. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, akaitwa Wambura, kama Mzee. Radi ikamuua. Ng'ombe wa radi haliwi, basi Babu akamzika, akamlilia wiki nzima. Babu alipokaribia kufa akaomba alazwe karibu naye. Karibu na ng'ombe. Mzee Wambura halisi alifia Rukuba, alikokwenda kubadilisha mbuzi kwa samaki, na akazikwa huko huko kisiwani.

Somo. Watu wawili wenye jina moja, kila mmoja ni somo wa mwenzake. Nilijua neno hili tangu utoto. Kurasa mbili!

"Mama, mbona hukusema?" Baba Mkubwa karibu alie. "Miaka yote tunaomba pale!"

"Ningesemaje, na jina lenyewe ndilo hilo? Nilisema ni somo, huyu akaenda kuandika. Nikasema si mtu, mkanifungulia kesi. Na mwaka ule wa kwanza nilitaka kuwazuia, ila wewe ulikuwa umeshaanza kulia. Nikaona haya, mlilie. Alikuwa dume zuri."

Akapangusa macho, akatulia.

"Mume wangu alimpenda kuliko mimi. Amelala naye vya kutosha. Sasa zamu yangu."

Hakuna aliyebisha. Fundi alijitolea kuhamisha mifupa kabla hajaombwa.

Jumamosi, 14 Machi

Dume amehamishiwa pale lilipokuwa zizi la zamani. Jiwe la marumaru liko juu yake, maana hakuna aliyekubali kulibeba mbali zaidi. Mchungaji alikataa kuliombea, lakini alisimama karibu, kofia mkononi.

Tutakwenda Rukuba kumtafuta Mzee. Baba Mkubwa amesema vigae safari hii vitasubiri.

Upande wa kulia wa Babu umebaki wazi. Bibi ameufagia mwenyewe. Leo jioni ameketi hapo, miguu ameinyoosha, anamenya karanga. Nimeketi pembeni yake. Ramani nimeichora upya na kumwonesha. Ameigusa kwa kidole pale palipoandikwa Bibi, akanipa karanga.

Wingu likaja kutoka upande wa ziwa.

"Maji ya juu," kasema.

Yamenyesha kidogo. Hatukuinuka.