Samba ya Jandira, Jumapili ya Tatu

Jumapili, 2 Juni 2019
Irajá, mtaa wa Rio, saa tisa alasiri. Samba mpya! Kwenye duara letu la samba wimbo hupewa Jumapili tatu. Mbili za kwanza anaimba mtunzi. Ya tatu, mtunzi na wapigaji hufunga mdomo. Umati ukiuokota na kuuimba, umeingia. Usipouokota, haupigwi tena. Kurekodi kwa simu marufuku.

Mtunzi ni Jandira, fundi cherehani, miaka sitini na minane. Kiitikio nakiandika hapa tu:

*Ulibeba mlango, ukaniachia upepo;*
*upepo nimeuzoea, ndio unaonipepea.*

Hakuna aliyeuliza nani alibeba mlango. Ozéas, mumewe, alimwacha mwaka wa themanini na nane akahamia kwa Creusa. Baadaye akamwacha Creusa pia. Creusa ndiye anayetukaangia samaki hapa uani. Yeye na Jandira hawasalimiani. Jandira akitaka samaki, humtuma mtu.

Jumatano, 5 Juni
Nimemhoji Jandira kwake. Mbona wimbo umemchukua miaka thelathini na moja?
"Wa kwanza ulikuwa matusi matupu, mwanangu. Watu wangecheka, wasingeimba."
Na wasipouokota huu?
Akakata uzi kwa meno. "Basi nitakuwa nimelia peke yangu muda wote huo."
Kahawa mara mbili. Sikuuliza zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Mara ya pili. Sauti ilimkatika kwenye ubeti. Nivaldo wa ngoma akamtania: "Mama, wimbo huu unataka koo la farasi!"
"Wewe piga ngoma. Koo niachie mimi."
Kicheko. Kisha makofi ya adabu — dalili mbaya. Nimeona nyimbo kumi na moja zikizikwa kwa makofi hayo.

Jumapili, 16 Juni
Naandika hapahapa, daftari gotini.

Jandira amekaa mezani, mikono mapajani, midomo imebanwa. Gitaa dogo limeanza. Ubeti umepita kwa mvumo tu. Tuni wanaikumbuka, maneno hawana. Kiitikio — kimya! Nivaldo amekizungusha tena. Kimya. Mzee mmoja anajifanya anakohoa. Nivaldo ameinua kidole: mara ya mwisho.

Sauti imetoka jikoni. Nzito, inakwaruza, chini ya noti kidogo. *Ulibeba mlango…* Creusa! Kijiko cha kukaangia mkononi, macho kwenye sufuria. Neno kwa neno, hadi mwisho.

Hakuna aliyemfuata. Amevuta pumzi, ameanza upya. Sasa meza ya pembeni wamedaka. Sasa wa ukutani. Sasa siwezi kuhesabu.

"Mama Creusa, samaki wanaungua!" mtu anapiga kelele.
"Waungue!"

Watu wote wanamtazama Jandira. Hajageuka. Haruhusiwi kuimba, na haimbi. Ameondoa mkoba wake kwenye kiti kilicho kando yake, ameuweka chini, amekifuta kiti kwa kiganja. Nivaldo anamwuliza kwa macho kama anyamazishe ngoma. Jandira anatikisa kichwa. Endelea.

Jikoni, Creusa amezima jiko. Anafungua aproni. Fundo limekaza; analivuta huku akikitazama kile kiti —