Kamba Waliivuka, Kikombe Wanakiogopa

Fundi wangu,

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe. Mkeo, Mama Zuhura, anataka kufunga jiko. Ameniambia leo asubuhi huku akikunja kile kitambaa cha kufunikia sambusa: mwisho wa wiki anakwenda kwa dada yake Rumonge, kwa sababu hapa mtaani Buyenzi hakuna tena anayekula chakula chake. Wanasema ulikufa kwa miale ya kazini, na miale imebaki nyumbani kwako. Iko kwenye vikombe, iko kwenye koti lako la kazi. Jirani mmoja alimshauri alichome, akaongeza na methali: "Kikulacho ki nguoni mwako." Hata methali ya watu wanaipeleka kusiko.

Siku ya maziko hukuona, basi nikuambie. Mimi Mkristo nilikaa nje na wanawake, lakini habari zilitoka. Waosha maiti wawili, wale unaowajua, mmoja alishikwa na homa ghafla, mwingine akapata safari. Kaka yako ndiye aliyekuosha pamoja na mwanawe, wamevaa glavu za gereji. Glavu za gereji, Fundi! Wewe uliyekuwa ukinawa mpaka viwiko kabla ya kugusa mkate.

Nimewaeleza mpaka mate yakanikauka. Nimewaambia yale yale uliyonifundisha nilipokuja kwako kutoka Uvira, sijui lolote. Kwamba kazi yetu ni kupiga picha mabomba yaliyochomelewa, kuona kama kiungo kina ufa ndani. Kwamba kwenye kamera yetu mnakaa chembe ndogo ya chuma, yenye miale mikali mno, ambayo wewe uliiita mgeni. Tukizungusha mkono wa kamera, mgeni anatoka, anapita ndani ya mpira mrefu mpaka kwenye bomba, picha inapigwa, tunamrudisha ndani. Akiwa nje, kaa mbali. Akisharudi, hakuna anachoacha nyuma. "Ni kama jua tu, Neema," uliniambia. "Likishatua, hautalikuta mu shati."

Wananisikiliza, wanatikisa vichwa, halafu wanakwenda kunywa chai kwingine.

Na ni hao hao! Hilo ndilo linaloniumiza roho. Siku ile kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, bomba lilipobiringika likaubana mpira na mgeni akakwama nje, ni akina nani waliokuwa wakipita? Ilikuwa saa ya chakula, watu wa madepo, yale maghala, wanatoka. Tulizungusha kamba nyekundu, tukaweka bango la hatari, kipimo cha miale kinalia bila kupumua. Saidi, fundi baiskeli, jirani yako ukuta kwa ukuta, aliinyanyua kamba akapita chini yake na baiskeli yake. Nilimpigia kelele asivuke. Akacheka: "We Neema, mi sione kitu hapa!" Wenzake wakamfuata.

Tungekuwa na ile mifuko ya risasi, yale madini mazito yanayozuia miale, tungemfunika mgeni, tukasubiri. Lakini ile risasi iliyeyushwa zamani ikawa vizito vya nyavu huko ziwani, na kila mtu kazini anajua, na hakuna anayesema. Patroni, bosi wetu, alikuwa nyumbani kwake Kiriri. Kwenye simu alitaka tumalize haraka. Ukaangalia kamba, ukaangalia watu, ukaniambia, "Rudi nyuma, mutoto wangu. Hawa hawataacha kupita." Ukaingia na koleo, ukaunyosha mpira kwa mikono yako. Mimi nikazungusha, mgeni akarudi ndani, kipimo kikanyamaza. Ukatoka unatabasamu, ukaomba maji ya kunywa.

Vidole vilianza kuvimba baadaye. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, malengelenge, hospitali, kukatwa, kile kidonda kilichokataa kupona mpaka damu ikaingia sumu. Sitayaandika. Siwezi.

Kazini? Patroni amenunua mpira mpya. Risasi hajanunua. Nilimwambia mbele ya wote kwamba sitazungusha ule mkono mpaka mifuko ije. Akanijibu, "We binti, unajifanya nani? Kazi iko inangoja." Basi kamera iko stoo, nami niko nyumbani, sijui kama bado nina kazi au sina.

Ndiyo maana leo, Mama Zuhura alipomaliza habari zake za Rumonge, nilishindwa kujizuia. Niliingia ndani, nikalitoa koti lako msumarini, nikalivaa. Mikono inanipita, na bado linanuka moshi wa kuchomelea. Nikakaa barazani, nikaomba chai kwenye kikombe chako, kile cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Akasema, "Acha, mwanangu, watakukimbia na wewe." Nikamwambia amimine. Nikanywa nimeelekea barabarani ili wanione wote. Nililia pia, sikufichi. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama ulivyoipenda.

Saidi akatokea na baiskeli yake. Akaniona, akaliona koti, akasimama ng'ambo ya barabara. Mbali kabisa, Fundi, mbali vile ulivyotaka asimame siku ile. Leo ndiyo amejua kukaa mbali! Nikamwita, "Saidi, kuja unywe chai!" Akatikisa kichwa. Lakini hakuondoka. Alibaki pale ameshika usukani, anakitazama kikombe.

Pumzika sasa, Fundi. Mungu akupokee kwa mikono misafi, isiyo na glavu. Nami nakuahidi: kesho nitakaa hapa tena na koti lako, na kesho kutwa, na kila siku mpaka Mama Zuhura aufungue mzigo wake. Siku ile nilimlilia Saidi asivuke, akavuka. Sasa namlilia avuke.

Binti yako wa kazini,
Neema