Ugali Umerudi

Kasiva na Muthama,

Mkitoka shule songeni ugali. Ndiyo, ugali! Mfuko wa unga niliuficha chini ya kitanda changu. ~~Mdogo tu.~~ Mkubwa.

Leo asubuhi, wiki ya tatu ya kula nyama na mayai peke yake, kizunguzungu kilinishika nikifua nguo. Nikajikokota hadi hapo jirani kwa Mama Whitney kuomba uji. Nani namkuta mezani, mdomo umejaa chapati? Baba yenu, yule yule tuliyeapa naye kutogusa ugali wala chapati! Kumbe hula huko kila siku, na mimi nashangaa mbona kitambi chake hakipungui. Nilitaka kugomba, kicheko kikanishinda. Nikavuta kiti.

Chapati zilizofunikwa ni zenu. Sahani ni ya Mama Whitney, msiirudishe tupu.

Mama yenu, aliyeshiba