Nanga Iliyofungwa Nyuma

Mkunazini,
Mji Mkongwe,
Zanzibar.

Jumapili, 5 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Mabrouk,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Ummukulthum na watoto, na kwamba baridi ya huko Sur haijawasumbua sana. Mgongo wako umepoa? Na Ummukulthum, sukari yake imeshuka? Mara ya mwisho alisema anapima kila asubuhi. Mwambie asiache.

Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nala, nalala, nafundisha. Wifi yangu Khairiya bado yumo kwenye eda ya Kaka Nadir, mpaka mwezi wa tatu. Nyumba yao haivuji tena. Fundi alikuja akaziba paa kabla mvua za vuli hazijakwisha.

Barua hii anakuletea Badria, binti wa jirani yetu Bi Bashira, anayesafiri Jumanne kuja Maskati, kisha Sur. Nimeona niandike kwa mkono. Kwa mdomo nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za watoto.

Umeniambia umenunua boti ya faiba na mashine yake, na unataka nikufundishe mambo ya Kaka Nadir, kwa kuwa yeye hayupo tena wa kuulizwa na mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana naye. Basi nitakuandikia nnayoyajua.

Kaka hakuwa mvuvi wa kazi. Wiki nzima alikuwa karani, na Jumapili ndiyo siku yake. Chambo alichokipenda ni ngisi, akatwe vipande virefu na vyembamba. Changu huonja kwanza, kwa hiyo ukihisi mguso usivute. Subiri mpaka wa pili. Nguru ana meno makali, basi kati ya mshipi na ndoana utie kipande cha waya, la sivyo atakukatia. Tasi usimshike kwa mkono mtupu. Miba yake ina sumu, na mkono utakuuma siku nzima. Barafu uichukue kabla ya kitu kingine chochote, maana ndiyo inayosahauliwa.

Alipenda kwenda siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Siku za bamvua mkondo una nguvu, mshipi unachukuliwa pembeni na risasi iliyofungwa kuuzamisha haifiki chini.

Samaki wamepungua, Mabrouk. Sokoni naona changu wa urefu wa kidole wamepangwa kwa mafungu. Nyavu za macho madogo zinazoa kila kitu, na wavu wa kokoro unaoburura chini unavutwa mahali pengine ingawa umekatazwa. Kaka alikuwa na kijiti alichokitia alama kwa kisu. Samaki aliyepungua alama alirudishwa majini, na chewa mwenye mayai alirudishwa hata akiwa mkubwa namna gani. Siku nyingine tulirudi na samaki wanne, na yeye aliona ni sawa. Ulizia sheria za huko kwenu: miamba gani imefungwa, miezi gani, samaki gani. Usiwasikilize watakaokwambia kuwa hakuna anayeangalia.

Boti uisajili, namba iandikwe ubavuni. Mwambie Ummukulthum unakwenda upande gani, unarudi saa ngapi, na ukichelewa ampigie nani. Nanga ifungwe mbele, kwenye omo. Isifungwe nyuma hata siku moja.

Nimeiandika sentensi hiyo, na sasa sina njia ila kuendelea.

Ulipopigiwa simu uliambiwa Kaka amekufa maji, boti imepinduka. Hukuambiwa zaidi, na hukuuliza. Nakushukuru kwa kutouliza. Lakini una boti sasa, na ni haki yako kujua.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 17 Novemba. Tuliondoka Mazizini asubuhi, watu watatu: Kaka, mimi, na Machano wa Tumbatu, aliyekuwa nahodha wetu miaka yote ile. Maji yalikuwa ya bamvua. Kaka alijua, lakini Jumapili mbili kabla yake alikuwa na kazi na hamu ilikuwa imemshika. Majaketi ya kuokolea yalikuwamo, matatu, moja kwa kila mtu kama sheria inavyotaka. Yalikuwa yamewekwa vizuri chini ya sitaha ya mbele, nyuma ya debe la mafuta, yamefunikwa turubai yasichafuke.

Tulipofika kwenye mwamba kusini ya Bawe, Kaka alitupa nanga. Mara hiyo hiyo mshipi wake, aliokwisha kuuteremsha, ukavutwa, akanipa kamba.

"Muzda, ifunge, nna samaki hapa!"

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mashine, na mshipi wangu nshauteremsha. Kuipeleka kamba mbele ilikuwa lazima niuache mshipi, niruke sanduku la barafu na kumpita Machano, aliyekuwa ameinama akikata ngisi, mgongo umetuelekea. Pembeni yangu palikuwa na pete ya chuma. Nikaifunga hapo. Nikaifunga vizuri, mafundo mawili.

Kaka aliona. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, halafu samaki akavuta tena. Alikuwa changu mkubwa. Akasema, "Tutaihamisha sasa hivi." Hatukuihamisha.

Boti ikaelekeza nyuma yake kwenye mkondo. Nyuma ndiko kulikokuwa kuzito, mashine na mimi, na kamba nayo ikivuta kwenda chini. Nilihisi maji miguuni, nikadhani ni ya sanduku la barafu. Halafu ikapita boti kubwa mbali nasi, na mawimbi yake yakaja. La kwanza likaingia juu ya mashine. Machano akageuka, akaona kamba ilipo, akapiga kelele, "Kateni kamba! Kateni!" Kisu alikuwa nacho yeye. Alikuja nacho akikanyaga ngisi, na wimbi la pili likaingia kabla hajafika. Ikapinduka.

Ilikuwa haraka kuliko nilivyoieleza.

Tulishika ubavu wa boti sote watatu. Kaka aliniuliza, "Umeumia?" Nikamwambia hapana. Mimi naogelea kidogo, unajua, na nilikuwa na baibui lililojaa maji. Akamwambia Machano, "Mshike." Akapiga mbizi chini ya boti.

Akatoka na jaketi moja, akanivisha, akafunga mikanda yote. Akazama tena, akatoka na la pili, akamtupia Machano. Machano akamwambia, "Yatosha, Nadir. Lishike hili sote wawili." Kaka akasema, "Bado moja." Akazama mara ya tatu.

Chini kulikuwa na mishipi yetu mitatu imefunguka yote. Hatukujua wakati ule. Tulijua kesho yake, wavuvi walipompata, ilivyokuwa imemzunguka miguu na mkono mmoja. Machano aliniacha akazama mara nyingi, mpaka akawa anatapika maji. Boti ya wavu ilitufikia baadaye. Sijui baada ya muda gani.

Yaliyofuata unayajua: mazishi, hitima, watu. Sikulia, Mabrouk. Watu walisema nina subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nasikia kila kitu kama kinasemwa chumba cha pili.

Siku ya tatu tuliitwa ofisi ya mamlaka ya bahari kuandikisha maelezo. Ofisa aliuliza nanga ilifungwa wapi. Machano akajibu, "Nyuma." Akauliza nani aliifunga. Machano akasema, "Mimi ndiye nahodha. Nanga ni juu yangu." Ofisa akaandika. Akanigeukia, akauliza, "Ndivyo, mama?" Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu, na hilo likaandikwa.

Wakamnyang'anya Machano leseni ya unahodha. Akarudi Tumbatu. Mjini wakawa wanasema ndiye aliyemuua Nadir kwa uzembe. Nilisikia dukani, nilisikia shuleni kwa walimu wenzangu, nikapokea chenji yangu nikaondoka.

Wiki tatu zilizopita mke wake alikuja hapa nyumbani. Anaitwa Kurwa, mama mfupi, mpole sana. Alivuka kutoka Tumbatu na kikapu cha muhogo na ngisi wakavu. Akakaa kwenye mkeka, akakataa kiti.

"Bi Muzdalifa," akasema, "nimekuja kutuombea radhi. Mume wangu hali, halali. Nnajua kosa lake halilipiki. Lakini wewe ulikuwa kama dada kwake. Ukimsamehe wewe, pengine na yeye atajisamehe."

Nikamtilia chai. Nikamwambia, "Nimemsamehe."

Nimemsamehe, Mabrouk! Nilimwangalia akilia kwa shukurani, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kuosha vikombe. Sikuhisi kitu. Siku nne nilikwenda shule nikasahihisha madaftari, na kila daftari nililolifungua nilisoma tu mstari wa kwanza, mara nyingi, bila kujua umeandikwa nini.

Siku ya tano nikaenda ofisini peke yangu. Ofisa alikuwa yule yule. Nikamwambia nanga niliifunga mimi. Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini hukusema mwanzo?"

"Sikuulizwa," nikasema. Halafu nikajirekebisha. "Niliulizwa. Nikanyamaza."

Akaandika upya, nikatia saini. Nilidhani ningehisi mzigo umepungua, kama watu wanavyosema. Nilihisi kiti ni kigumu.

Machano amerudishiwa leseni, na onyo kali juu yake, kwa kuwa majaketi yalikuwa mahali pasipofikika na hilo kweli ni la nahodha. Alikuja mjini kuichukua, akapita hapa. Amekonda. Hakutaka kuingia.

"Dada Muzda, ungeliacha tu," akasema.

"Hata Kurwa hukumwambia?"

"Sikumwambia mtu. Wewe ulishampoteza kaka. Nkaona hilo linakutosha."

Akasema atakuwa anavua na nduguze huko huko Tumbatu, mjini harudi tena kufanya kazi. Akaaga.

Aliyebaki alikuwa Khairiya. Nilikwenda kwake Ijumaa baada ya sala. Alikuwa akikunja nguo za Kaka, zile za kutoa sadaka. Nikakaa nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, na mafundo mawili pia. Nilipomaliza akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Yule changu," akasema, "alimtoa?"

Nikamwambia ndiyo, alimtoa, mkubwa, na alimnyanyua juu akacheka.

"Alicheka?"

"Alicheka."

Akaniambia niende, anataka kupumzika. Hakunifukuza, wala hakunishika mkono. Jana nilimpelekea uji, akaupokea mlangoni, akasema, "Ahsante, wifi." Bado ananiita wifi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sikuandika ili unisamehe, maana umesamehe watu wengi wewe, na nisingependa unipe mimi msamaha kwa mazoea tu. Nimeandika kwa sababu utakuwa baharini na watoto wako. Kabla ya kuondoka ufukweni kila mtu avae jaketi lake, avae mwilini, hata wakikucheka wenzako. Na mwenye kuona nanga imefungwa pabaya aseme pale pale, samaki amwache aende zake.

Nilikuwa nimekuahidi kuja kwenu Ramadhani hii. Kama baada ya kusoma haya utaona bora nisije, mwambie Badria, atanifikishia, na nitaelewa. Na kama utaona nije, basi sema lini, nitakuja. Mimi ni dada yako mkubwa niliyebaki, na pengine huko kwenu nitaweza kumlilia.

Nisalimie Ummukulthum sana, na watoto wote mmoja mmoja. Bi Bashira anakusalimu, na Khairiya aliniambia zamani, kabla sijamwambia haya, nisisahau kukufikishia salamu zake. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu, ampanulie kaburi lake, na akulindeni nyinyi nchi kavu na baharini.

Dada yako, anayekupenda kama siku zote,

Muzdalifa