Rosebellah, Uliyewapanga Wenzako Mistari Miwili Jeddah

Mwaka umezunguka, Rosebellah, tangu ulipolala nyumbani kwa madam wako Jeddah usiamke. Huko waliandika kwenye cheti kwamba ni moyo. Tulikuzika hapa Khayega bila kujua zaidi ya hapo.

Ulikuwa mtu wa kucheka, na wa amri vilevile. Kila Ijumaa uliyopewa ruhusa ulikwenda chumbani kwa mwenzako Priscah, mtaa wa Baghdadiyah, ukawapanga wanawake mistari miwili wakitazamana, uwafundishe isukuti yetu ya kutikisa mabega. Walikuwamo Wakamba, Wakisii, hata Bi Wahida, Mzanzibari aliyezaliwa huko huko Jeddah, na wifi zake. Ngoma hamkuwa nayo. Mlipiga makofi, tena kwa adabu, jirani asisikie.

Mwendo uliupunguza. Mgeni ulimsimamisha mbele ya anayejua, na wimbo ukiisha mnasogea nafasi moja, hadi kila mtu amecheza na kila mtu. Priscah, aliyeharibika mgongo kwa kubeba mazulia ya bosi, alikaa kitini akacheza mabega tu. Ukisema yalla, haya twende, naye yumo.

Mjomba Absalom alipoona video yenu alisema, "Hiyo si isukuti, hayo ni mazoezi ya hospitali."

Ukamjibu, "Mjomba, hatuchezi tuonekane. Mtu asipokuja Ijumaa mbili, tunajua tukamtafute."

Kwa neno hilo, hata baada ya kukuzika, mama alikubali Valary, mdogo wako, asafiri. Tulisikia Saudia, tukadhani ni kwa kina Priscah. Kumbe wakala alimpeleka Riyadh, mbali kabisa na Jeddah. Alipiga simu mara moja tu.

"Mama, hapa hakuna Ijumaa, ni kazi tu," alisema. "Msinipigie, madam atachukua simu."

Tangu hapo simu imezimwa. Priscah ameuliza hadi kwa Wakenya wanaokutana Batha, huko huko Riyadh, na hakuna aliyemwona. Tunaogopa, Rosebellah. Wewe ungejua pa kuanzia.

Mama hali vizuri, halali vizuri. Wewe anakulilia. Lakini Valary, mama ametukataza tusimlilie.

Hutatutoka moyoni kamwe. Unakumbukwa na mama yako Eucabeth, mjomba wako Absalom, kaka yako Onesmus na mwanao Alvin. Unakumbukwa pia na mdogo wako Valary. Mama amesimama hapa tunapoandika, na amesema jina hilo likae papa hapa, pamoja na ya walio hai.